Milioni Moja na Tatu

Jambo zima liligharimu siku kumi na tisa, daftari moja la kurasa tisini na sita, kalamu mbili na robo, na baba yangu. Nimeipitia orodha hiyo mara mbili, mara ya pili nikianzia chini, na haipungui wala haiongezeki.

Nauza viatu vya mitumba Igoma, kando ya barabara ya Musoma. Kazi hii inakufundisha kuhesabu viwili viwili, na inakufundisha uongo mdogo mdogo usioua mtu, au hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiamini. Mteja akitaka namba arobaini na mbili, nami nina arobaini na moja, namwambia ngozi hupanuka. Akitaka arobaini, namwambia soksi nene zinasaidia. Akinitajia bei nacheka kwanza, ndipo nijibu, maana kicheko ni sehemu ya bei. Jioni nahesabu jozi zangu, kisha nazihesabu tena nikianzia upande wa pili. Anayeanzia upande uleule hurudia kosa lake na kuliita hakika.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mstaafu. Yeye na mama walikaa Ilemela, kwenye nyumba iliyobanwa na majabali, ngazi tisini na nne kutoka njia ya gari mpaka mlangoni. Ziwa lilionekana lote kutoka kibarazani, na hilo ndilo jambo pekee ambalo wageni walilisifia wakishapata pumzi ya kuongea. Mimi nilikuwa na chumba cha nyuma tangu niliporudi kutoka kwa mume.

Nasema nilirudi, ukweli nilirudishwa. Nilikaa miaka sita bila mtoto, na ukoo wa mume ukadai ng'ombe wao wa mahari, kumi na mmoja, pamoja na ndama waliozaliwa tangu hapo. Baba aliwatoa wote, hakupunguza hata mkia. Wakati wanaswagwa kwenda, alisema, "Ng'ombe wao wamezaa kwetu, mtoto wetu hakuzaa kwao. Hesabu ni hiyo." Mama alimkasirikia wiki nzima. Mimi nilicheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuyasema mambo yangu kama hesabu na siyo kama laana.

Neno la wakwe lilikuwa tasa. Mama mkwe alilitamka kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi kwenye gunia. Lakini neno hilo nilikuwa nimelijua mapema, kwenye ubao wa baba mwenyewe, darasa la tano. Namba tasa, aliandika, ni namba isiyogawanyika kwa namba nyingine yoyote isipokuwa moja na yenyewe: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. Darasa lote likaangua kicheko, kwa kuwa huko kwetu tasa alikuwa mbuzi, au shangazi ya mtu. Baba alingoja wanyamaze, akasema kwamba namba nyingine zote zimetengenezwa kwa kuzidisha hizi; ukizitoa tasa, hesabu nzima inaanguka kama nyumba isiyo na mawe ya msingi. Kisha akaniita mbele nitaje tasa iliyo kati ya hamsini na hamsini na tano. Nikataja hamsini na moja. Akaniambia nigawanye kwa tatu mbele ya wenzangu, nikapata kumi na saba kamili, nikarudi kukaa. Hakuwa mtu wa kumpendelea mwanawe.

Baba alikuwa na sukari, na sukari ilishaondoa hisia miguuni. Aliniomba viatu vyeusi vya kwenda kanisani, namba arobaini na mbili. Nilikuwa na jozi moja nzuri, ngozi halisi, soli haijaliwa. Ilikuwa arobaini na moja. Namba ilikuwa imefutika kidogo, nikamwambia ni arobaini na mbili. Aligeuza kiatu akatazama soli, akanitazama mimi, akavaa. Jumapili ya tatu mama aliona damu kwenye soksi. Yeye mwenyewe hakuwa amehisi chochote.

Daktari wa zahanati, binti mpole ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wa baba, alitazama mguu akasema vidole viwili vikatwe. Vikikatwa ndani ya siku kumi, mambo yataishia hapo. Zikizidi siku kumi, hawezi kuahidi. Alipandisha kiganja chake taratibu kwenye mguu wake mwenyewe, kutoka vidoleni mpaka juu ya goti, akakiacha pale. Nikamuuliza kama kidole kimoja hakitoshi. Ulimi wangu umezoea. Hakucheka, naye baba hakucheka, na tukapanda ngazi zile kwa karibu saa nzima.

Baba akakataa. Sababu zake zilikuwa nyingi na zilibadilika kila tulipozijibu. Kwanza ilikuwa ngazi: mtu asiye na vidole atapandaje majabali? Halafu mazishi: vidole vitazikwa wapi, na mwenyewe bado yupo anakula? Halafu kuna mzee mwenzake aliyekatwa kidole akafa. Mama alimlilia, akamwambia atambeba mgongoni ikibidi, atamwogesha, atamlisha. Baba akamjibu kwamba mama mwenyewe ni mifupa mitupu, atambeba nani, na kwamba hajafika mahali pa kuogeshwa kama mtoto. Alisema kwa sauti kubwa mpaka majirani wa jabali la juu wakasikia. Mama akaingia jikoni na hakutoka mpaka chakula.

Hayo yalichukua siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta kibarazani, mguu juu ya kigoda. Nikamwamkia, akaitikia, nikaanza upya habari ya hospitali. Akanyoosha mkono kuomba kalamu. Kwenye mgongo wa kadi ya zahanati akaandika: 1,000,003.

"Hii ni nini, baba?"

"Milioni moja na tatu. Wewe si mtu wa mapatano? Tupatane. Nitafutie namba inayoigawanya hii, bila baki. Ukiipata, tunashuka hospitali siku hiyohiyo."

"Nisipopata?"

"Utaacha kunitajia visu."

Nilifanya kile ambacho namkataza kila mtu anayeanza biashara: nilikubali mzigo kabla sijaufungua. Lakini nilikuwa na sababu. Nilidhani kitu kikubwa lazima kigawanyike. Gunia kubwa halikosi wa kuligawana, shamba kubwa halikosi ndugu wa kulikata, na namba yenye tarakimu saba ingekosaje mtu wa kuila? Tena iliishia na tatu. Nikamwambia hapohapo kwamba tatu inaigawanya, tuvae viatu.

Baba alicheka, mara ya kwanza tangu zahanati. "Jumlisha tarakimu zake," akasema. Moja na tatu, na katikati sifuri tano zisizoongeza kitu. Nne. "Nne inagawanyika kwa tatu?" Haigawanyiki. Basi na milioni moja na tatu haigawanyiki kwa tatu. Mbili nayo haiwezi, kwa sababu namba si shufwa. Tano haiwezi, kwa sababu haikuishia na tano wala sifuri. Akaweka masharti yake: hakuna simu, hakuna kikokotoo, na anataka kuona njia. Kila aliyesoma kwetu anajua maana ya hilo. Jibu bila njia ni sifuri, hata likiwa sahihi.

"Na utajaribu mpaka lini?" aliniuliza. Nikasema mpaka nusu yake, laki tano na moja. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama zamani ubaoni.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "vigawo vinakwenda kwa jozi, kama viatu vyako. Mmoja akiwa mkubwa, mwenzake ni mdogo. Elfu moja mara elfu moja ni milioni. Kwa hiyo kama jozi ipo, mmoja wao lazima awe chini ya elfu moja na moja. Tafuta mguu mdogo. Usipouona, jozi haipo." Akaongeza kwamba nisihangaike na kila namba, nijaribu tasa peke yake, kwani kisichogawanyika kwa mbili hakiwezi kugawanyika kwa nne.

Nilinunua daftari siku ileile. Kurasa kumi na mbili za kwanza niliandika namba moja mpaka elfu na kuzichuja kama alivyotufundisha: kata zote za mbili, kata za tatu, kata za tano, endelea, na zinazobaki bila kukatwa ndizo tasa. Zilibaki mia moja sitini na nane. Nikazihesabu tena nikianzia mia tisa tisini na saba kurudi nyuma. Mia moja sitini na nane. Kurasa themanini na nne zilizobaki, kila ukurasa tasa mbili. Daftari lilinitosha kana kwamba nilipimiwa, nikaona ni dalili njema.

Nilianza na saba. Ikabaki nne. Kumi na moja: ikabaki nne. Kumi na tatu: nne tena. Nikaingiwa na wasiwasi, maana muuzaji akikurudishia chenji ileile kwa noti tatu tofauti, ujue kuna mchezo. Nikarudia zote na nne zikabaki palepale. Nikampelekea baba kabla ya chakula cha jioni. Akalipitia daftari kwa kalamu nyekundu, akaweka alama tatu za vema, akanieleza. Ukirudi nyuma hatua nne unakutana na laki tisa tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tisa. Hiyo inagawanyika kwa tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu, na thelathini na saba. "Huyo ana uzao wa kujaza boma," alisema. "Hatua nne mbele yake yupo huyu wako. Ni majirani, lakini ona wanavyotofautiana." Aliniambia bila kuinua macho kwenye daftari. Sikuuliza kama alikuwa anaongelea namba.

Lazima niseme ukweli: siku zile za kwanza zilikuwa nzuri. Nilikuwa nagawanya Igoma, daftari juu ya rundo la raba, wateja wakipita. Kumi na saba ilibakiza kumi na mbili, kumi na tisa ilibakiza kumi na nne, ishirini na tatu ilibakiza tisa. Thelathini na moja ilinitia matumaini kwa kubakiza tano tu, kisha mia moja na moja ikabakiza mbili. Kila tasa niliigawanya mara mbili, ya pili bila kutazama ya kwanza. Mama wa mikoba, anayetandika jirani yangu, alinitazama siku mbili akashindwa kuvumilia.

"Dada, umeanza chuo, au unahesabu wanaokudai?"

Nikamwambia natafuta mguu mdogo. Akasema kwenye rundo lile angeanza na ya watoto, iko kushoto. Mteja mmoja siku hiyo alinishusha bei ya viatu vya mpira mpaka nikapata hasara, kwa sababu nilikuwa katikati ya sabini na tatu na sikutaka kupoteza mahali.

Kuanzia siku ya nne ya daftari baba aliacha kusahihisha. Macho yalikuwa yanamwuma, na mguu ulianza kutoa harufu ambayo mama aliipiga vita kwa kuchoma maganda ya machungwa. Sasa kila nikipanda ngazi jioni aliuliza neno moja tu: "Umepata?" Nami nilijibu neno moja: "Bado." Ikawa kama salamu.

Siku ya sita nilifika mia nne na tisa. Ilikuwa tasa ya themanini kwenye orodha yangu. Nikagawanya: elfu mbili mia nne arobaini na nne, baki mia nne na saba. Nikatazama ile baki muda mrefu. Mia nne na saba, na kigawo ni mia nne na tisa. Zimepungua mbili. Kama baba angeandika milioni moja na tano, kazi ingekuwa imekwisha pale pale kwenye rundo la raba, na tungeshuka ngazi siku hiyo na vidole viwili vya kutoa. Siku kumi za daktari zilikuwa hazijatimia.

Mbili kwenye milioni. Kwenye viatu hiyo si hata tofauti, ni vumbi la soli. Nimewahi kumwuzia mtu kiatu cha kushoto cha kahawia na cha kulia cha kahawia zaidi, akashukuru. Nilijua baba haoni vizuri. Nilijua ningeweza kuandika elfu mbili mia nne arobaini na tano, kuacha nafasi ya baki tupu, kupanda juu na kusema, baba, njia hii hapa. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaigawanya mara ya pili, ikatoka mia nne na saba ileile, nikaandika mia nne na saba. Sikutaka kumpunja baba kwenye hesabu, kitu pekee alichonipa ambacho hakuna ukoo ungeweza kuja kukidai.

Nikafunua ukurasa. Jioni akauliza, "Umepata?" Nikasema bado.

Baada ya hapo nilipunguza mwendo. Kabla ya siku ya sita nilikuwa namaliza tasa kumi na tatu, kumi na nne kwa siku. Sasa zilikuwa saba au nane, siku nyingine tano. Nilijidanganya kwamba namba zimekuwa ndefu. Ukweli ni kwamba nilianza kuhisi mwisho wake. Nikifika mia tisa tisini na saba bila kupata kitu, mapatano yanasema ninyamaze, na niliogopa kunyamaza. Kwa hiyo nilimwacha aoze taratibu huku nikipanga tarakimu vizuri kwenye mistari. Vidole viwili viligeuka vyeusi, kisha rangi ikavuka kwenye wayo. Mama alisimama nyuma ya mlango akasikiliza "Umepata?" na "Bado" yetu, na hakuelewa tunaongea nini. Alidhani ni habari za biashara. Kaka yangu, anayefanya kazi Geita, alipiga simu mara mbili kwa juma, nami nilimwambia mzee anaendelea. Sikusema anaendelea kwenda wapi.

Siku ya kumi na tisa, saa tano asubuhi, niligawanya kwa mia tisa tisini na saba. Elfu moja na tatu, baki kumi na mbili. Nikarudia. Baki kumi na mbili. Nikafunga daftari, nikamwachia mama wa mikoba viatu vyangu, nikaenda nyumbani. Nilimkuta baba anatetemeka katikati ya joto, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Hakuniuliza kitu. Nikampigia kaka na safari hii nikasema ukweli. Alifika mchana. Vijana wanne wa majabalini walimteremsha baba juu ya godoro, wakipokezana pembe, mama akifuata na sufuria ya uji kama mtu anayekwenda shambani. Zile ngazi tisini na nne nilizihesabu mara moja tu.

Hospitali kubwa walimkata siku hiyohiyo, juu ya goti, pale pale ambapo kiganja cha yule binti kilisimama. Walitueleza vizuri, bila kutuficha, kwamba uchafu ulishaingia kwenye damu na kwamba watajaribu. Walijaribu.

Siku ya pili baada ya upasuaji homa ilishuka kidogo. Kaka alikuwa amekwenda kutafuta dawa, mama amelala kwenye benchi nje. Baba alifumbua macho, akanitambua.

"Ulifika wapi?" akauliza.

"Nimemaliza, baba. Haigawanyiki."

"Najua haigawanyiki. Ndiyo tasa ya kwanza baada ya milioni. Nilikuwa nawapa darasa la saba waliojifanya wanajua."

Nikamwuliza kwa nini basi alinipa mimi.

"Niliogopa kisu," alisema. "Na nilishapiga kelele mbele ya mama yako na majirani wote. Ningerudije nyuma? Nikasema, huyu wa Igoma atakuja kesho na uongo wowote. Nitatazama, nitasema sawa, tutashuka. Nikakaa nangoja."

Ulimi ukaniponyoka, nikamwambia habari ya mia nne na tisa, kwamba zilipungua mbili tu.

"Mbili?" Akageuza kichwa kunitazama vizuri. "Ungeleta hiyo, mama. Kiatu ulinipa kwa namba ya uongo, sikusema kitu. Hesabu ndiyo ukaamua kuwa mtakatifu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mteja aliyeona kasoro akiwa ameshalipa. Kisha akaomba maji, nikampa, akalala. Homa ilirudi usiku huo na hakusema tena neno la kueleweka. Siku ya sita baada ya upasuaji tulimzika, mtu na mguu wake mahali pamoja, maana kaka alihangaika mpaka akapewa. Vipande havikutengana, kama alivyotaka.

Tangu siku ya sita ya daftari mpaka ya kumi na nane, baba aliniuliza "Umepata?" mara kumi na tatu. Nimehesabu, nikarudia. Mara kumi na tatu mtu mzima alinyoosha mkono kuomba nimdanganye, nami nikamjibu bado. Nimewapunja watu wengi njia ile ya Musoma, wengine wenye watoto na shida zao. Kipimo kamili nilimpa mmoja tu.

Sasa hili ndilo lililobaki. Mama hajui chochote. Anachojua ni kile alichokisikia siku zile mbili za ugomvi: kwamba mumewe alikataa kuogeshwa naye, akaita mikono yake mifupa mitupu, akachagua kufa. Analirudia kila siku anapomenya viazi pale kibarazani, bila kulia. Anasema miaka arobaini na minne amempikia mtu ambaye mwishoni aliona bora kaburi kuliko mikono yake. Ndugu wakija kumfariji anawaambia hivyohivyo. Juzi alinigeukia akasema, "Wewe ulikuwa unakaa naye na lile daftari. Hakukwambia kitu juu yangu?" Nikasema zilikuwa hesabu tu.

Ameshafunga nguo zake. Jumamosi anahamia kwa kaka yake Magu, na anasema hataki kuzikwa Ilemela karibu na mtu aliyemkataa. Amemaanisha, si mwanamke wa vitisho.

Nikimwambia ukweli, atajua kwamba hakukataliwa, kwamba mumewe alitaka kushuka na alikuwa anatafuta mlango wa kushukia bila aibu. Atajua pia ni nani aliyeushika mlango huo siku kumi na tatu, na nani aliyeleta kiatu. Mama hawezi kutunza siri. Kaka atajua kabla ya jua kuzama, na ukoo mzima kabla ya Jumapili. Nikinyamaza, nabaki na mama anayenipenda na asiyetaka tena kulala ardhi moja na baba.

Nimeligawanya jambo hili kila njia ninayoijua, na kila mara linabakiza mtu. Wewe uliyesoma mpaka hapa, na usiye na hasara wala faida kwetu, niambie kabla ya Jumamosi: nimwambie mama?